Mishumaa ya Wasila

Mume wangu aliingia hamamu ya wanawake amefumba macho. Mkono wa kushoto uliambaa na ukuta kama wa kipofu anayeijua nyumba yake, wa kulia umebeba ndoo. Kabla sijapata sauti ya kumwita, alikwisha kuimwagia maji mishumaa ya mtoto wetu.

Nimezeeka na picha hiyo. Wengine huzeeka na wajukuu.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, wakati ambapo kila paa la mji wetu wa Kusantina limetandikwa mashuka na kuskusi inaanikwa. Hamamu ya Bwana Hmida, Si Hmida kama tulivyomwita, ambako nilisugua migongo ya watu tangu nilipoolewa, ilikuwa inaacha kuni. Mume wangu Lakhdar ndiye aliyevuta bomba la gesi kutoka barabarani mpaka kwenye tanuri la maji. Aliunga kipande kwa kipande, akizungusha katani kwenye meno ya chuma bila haraka, kama nilivyokuwa nikimsuka binti yetu Wasila nywele. Akalijaza bomba upepo, akalilaza hivyo usiku kucha, kisha akapaka povu la sabuni kila kiungo kwa burashi yake ya kunyolea ndevu. Hakuna kilichotoa hata kipovu. Alitaka binti yake, aliyekuwa karibu kuolewa, awe wa kwanza kuogeshwa kwa moto wa mkono wake.

Bado kulikuwa na kazi ya kuitoa hewa bombani.

"Gesi peke yake haina neno," aliniambia asubuhi ile, kikombe cha kahawa mkononi. "Hewa nayo haina neno. Ubaya ni pale zinapokutana njiani. Mchanganyiko ule lazima uende juu ya paa, upotelee kwenye upepo. Mpaka niseme, nyumba nzima isiwe na moto. Hata mshumaa."

"Si tutainusa?"

"Pua ni shahidi wa uongo, mke wangu. Bomba jipya mara nyingine humeza harufu. Wewe dirisha kwanza, kiberiti baadaye."

Kutoka bombani alipandisha mpira mrefu mpaka kwenye paa, mdomo wake ukaelekezwa bondeni, mbali na kuba la hamamu ambalo jicho lake moja la kioo, tundu dogo la juu, lilikuwa limevunjika. Si Hmida akaapa kuulinda mwenyewe, huku Lakhdar akikaa chini kwenye valvu. Sisi wanawake na bibi harusi tungeingia baada ya alasiri.

Lakini wakwe walitoka mbali, nao wakafika mapema. Lalla Mbarka, mama wa bwana harusi, alikuja na ndugu zake, sinia la hina na mishumaa mirefu ya kumwingizia bibi harusi. Nilimwambia tusubiri, baba yake kasema hivyo.

"Kwani anaolewa baba yake?" Wenzake wakacheka. "Mama Wasila, bibi harusi haingii gizani. Mshumaa wake usipowaka leo, utawaka lini?"

Nikamshika mkono. Akautoa polepole, kwa adabu, akawasha. Makaa yakawekwa chetezoni, ubani wa jawi ukafuka, na Wasila akaketishwa katikati, chini ya kuba, mashavu mekundu kwa haya na furaha. Vigelegele vikapanda.

Lakhdar alituita kutoka kwenye pazia la mlango. Hayo aliniambia baadaye. Sisi hatukusikia kitu. Kabla ya hapo alikuwa amepanda paa kutazama, akamkosa Si Hmida. Kumbe jirani mwenye kuskusi alikuwa amelalamika kwamba uvundo unamharibia chakula, na mzee wa watu, asitake ugomvi, akaugeuza mpira upande wa pili, mdomo kwenye lile jicho lililovunjika, akashuka kuwapokea wageni wake. Lakhdar akakimbia chini, akafunga valvu. Kisha, tulipokosa kumsikia pale pazia, akafumba macho, akaifuata harufu ya jawi, akazimwagia maji mishumaa na makaa.

"Nje," alisema gizani. "Wote nje. Wasila, jifunike, mwanangu."

Hakuna kilicholipuka. Hakuna hata nywele iliyoungua. Wanawake walitoka mbio na mataulo, wakipiga mayowe, na Lalla Mbarka alipopata pumzi alisema neno moja tu: "Mwanamume ametuona uchi, na mshumaa wa bibi harusi amezima yeye. Tufungeni vitu vyetu."

Waliondoka na sinia lao kabla hina haijakauka.

Si Hmida alisema hajaugusa mpira. Angesema nini? Nani angeoga tena chini ya kuba lile? Nilipanda paa mwenyewe. Shuka lilikuwa limekwisha kuondolewa, mpira umerudishwa bondeni, na punje chache za kuskusi zilibaki kwenye nyufa za vigae. Nikazikusanya kiganjani, nikabaki nazo nimesimama, sijui nimpelekee nani. Jambo lisilotokea halina kaburi la kuonyesha watu.

"Ungeniacha nife," Wasila alimwambia babake jioni ile. "Ningekufa bibi harusi."

Lakhdar alikuwa akifunga burashi yake kwenye kitambaa. Aliendelea kuifunga.

Baada ya hapo hakuna nyumba iliyomkaribisha. Nani amwite fundi wa aina ile, nyumbani kuna mabinti? Akawa anatengeneza majiko kando ya barabara. Wasila aliolewa miaka mingi baadaye, na mwanamume wa mji wa Skikda aliyefiwa na mkewe, bila mishumaa. Alipokuja kunisalimia, alimwita babake "yule": yule amekula? Yule amelala? Nami kila nilipomwambia kwamba babake alifumba macho, nilimwona kwa macho yangu, alinijibu, "Wewe ni mkewe."

Lakhdar alifariki mwaka huu, wakati wa baridi kali. Siku ya tatu ya matanga, magharibi ikiingia, umeme ulikatika. Chumba kimejaa wanawake, supu iko kwenye jiko la gesi, madirisha yamefungwa. Nikamsikia Wasila akipapasa kabatini. Akapata mshumaa. Nikasikia kiberiti kikitikiswa.

Kisha akakiweka mezani, akaenda kufungua dirisha. Baridi ya bonde ikaingia yote.

"Funga, binti, utatuua," mmoja akanung'unika.

"Subirini kidogo," alisema Wasila.

Alisimama pale, mkono kwenye fremu, mgongo wake kwetu. Nasi tukakaa gizani, tukimsubiri.