Viti Viwili vya Gari Jekundu

Asubuhi ya harusi ya dada yangu Agatina, magari mawili yalisimama mbele ya nyumba yetu mjini Collesano, na mimi nilikwishakata shauri: bibi harusi atapanda jekundu.

Lilikuwa la Mjomba Liborio, gari la mbio lisilo na paa. Boneti ndefu, kitako kifupi, na ngurumo ya kutikisa vioo vya madirisha. Katika mji wetu, ambako mashindano ya magari yalipita chini ya roshani zetu kila Mei, mtoto alijua kutofautisha injini kabla ya kujua kusali. Kando yake lilikaa gari la saluni la Baba, rangi ya maziwa yaliyochacha, limesimama wima kama kabati. Jekundu liliondoka kama tusi; la Baba liliondoka kama rozari ya bibi kizee.

"Wakwe zetu ni watu wa jiji la Palermo," nilimwambia Baba. "Wanatuona washamba. Leo watatutambua!"

"Si ndio tulivyo?" Baba akajibu, akikaza tai yake.

Mjomba akanirushia funguo. "Gaspare, ukilikwaruza, na wewe nakukwaruza."

"Naendesha kukushinda, Mjomba."

"Msikieni! Ndevu zenyewe kaanza kunyoa juzi."

Agatina akatoka. Tulilikunja gauni lake, tukalisukumiza ndani mpaka likafunika dashibodi. Nikashika usukani. Majirani wakapiga makofi.

Ndipo akauliza, "Baba anakaa wapi?"

Viti vilikuwa viwili. Usiku kucha nilikuwa nimezipigia hesabu kona zote hadi kanisani, nisikumbuke kwamba bibi harusi huingia ameshika mkono wa baba yake.

"Nitatembea," Baba akasema. "Ni mteremko tu."

"Si utufuate na gari lako?" nikamwuliza.

"Nifuate harusi ya mwanangu kama mpiga picha?"

Alisema akicheka, akavaa kofia, akaanza kushuka. Viatu vyake vipya vililia juu ya mawe.  Agatina aliutazama tu ule mgongo uliokuwa ukienda peke yake, na midomo yake ikaanza kutetemeka.

Nikaachia usukani.

"Shuka, dada."

"Na gauni je?"

"Shuka! Mjomba, shika funguo zako."

"Umeogopa kona, wewe?"

"Hili ni gari la mseja, Mjomba!"

"Na mimi ni nani kama si mseja?" akafoka, lakini alikuwa tayari anamshikia Agatina gauni lisiguse vumbi, akimwingiza kwenye saluni.

Tulimkuta Baba penye chemchemi. Akaja moja kwa moja kwenye mlango wa dereva.

"Leo nyuma, Baba," nikamwambia, mikono usukanini.

"Gari langu mwenyewe?"

"Nyuma!"

Tangu alinunue, hakuwahi kukaa kule. Magoti yake yaligota mgongo wa kiti changu. Kwenye kioo nilimwona akipapasa kitambaa kilichochanika, kishikizo cha mlango, alama za meno ya mtoto fulani kwenye mpira wa dirisha.

"Mliwezaje kukaa watoto wanne huku," akauliza, "na tikiti maji miguuni, mpaka baharini?"

Agatina akapitisha mkono wake kwenye mkono wa Baba.

"Tulikuwa wadogo, Baba."

Kanisa lilikwisha kuonekana, na watu wa Palermo wamejipanga ngazini. Nikapunguza mwendo, ili wale wawili wakae hivyo kidogo zaidi.