Kikapu cha Bi Nyamizi kwenye Mizani ya Tondoro

Haya nilisimuliwa na shangazi yangu Chausiku mwaka ule wa mvua ya mawe, tukiwa jikoni tunapukuchua mahindi machache yaliyonusurika. Yeye naye alisimuliwa na mama mmoja aliyepita kwetu akiuza vyungu. Kati yetu hakuna aliyewahi kuiona nchi yenyewe.

Nchi hiyo iliitwa Tondoro. Ilikaa baina ya vilima viwili vilivyochimbuliwa mpaka vikabaki mifupa, nyumba nzuri zikiwa juu na nyumba mbovu zikiwa chini, na katikati, kwenye uwanja wa mawe, ilining'inia mizani kubwa ya shaba yenye vitanga viwili, kila kimoja kipana kama beseni la kuogea. Tondoro ilitawaliwa hapo. Aliyetaka kusema barazani aliweka bastola yake kwenye kitanga, na aliyetaka kumpinga akaweka yake upande wa pili. Neno la kitanga kilicholala chini ndilo lililokuwa sheria. Aliyeondoa silaha yake kabla baraza halijafungwa alihesabiwa amelimeza neno lake, asifungue kinywa pale tena mpaka kufa. Asiye na bastola hakuwa na neno kabisa. Akiungua, aliungua kimya.

Vizazi vitatu walitawala wenye bastola za chuma, na mkubwa wao alikuwa Mtukufu Gombera, aliyerithi ya babu yake yenye mpini wa pembe ya nyati, nzito hata kiuno kilimwinama upande mmoja na mafundi wakamshonea suruali zenye mguu mmoja mfupi. Kisha kutoka ng'ambo zikaja bastola za fremu ya plastiki, nyeusi, nyepesi, zinazomeza risasi kumi na saba kwa mara moja, na matajiri wapya wakazigombea kama karanga za moto. Kiongozi wa hao alikuwa Bwana Tepwa. Tatizo lilikuwa kwamba kwenye mizani zilionekana kama manyoya. Basi ugomvi ukaanza, na watu wazima wenye wajukuu hawakuzungumza jambo lingine kwa miaka miwili.

"Hicho ni kijiko cha uji wa mtoto," Gombera alisema. "Kisahau garini juani uone kama hakiyeyuki. Chuma kinatulia mkononi, bwana. Na risasi zikiisha, unampigia mtu kichwani."

"Baki na nanga yako!" akajibu Tepwa. "Jasho lako tu linaipandisha kutu. Mimi yangu nashinda nayo kiunoni kutwa, nasahau kama nimevaa kitu."

"Ndiyo, na yule pale naye alisahau, akajitoboa paja akifunga mkanda."

Baraza zima likacheka, hata mwenye paja lake.

Mwisho wakakubaliana kujaribu. Kwa siku arobaini, kuanzia Jumatatu, chuma na plastiki zingelenga shabaha katika Bonde la Mchirizi, na watakaoshinda ndio watakaoiandika upya sheria ya mizani. Kwamba bondeni humo ndimo ilimokuwa chemchemi pekee ya nyumba za chini, hilo halikuwekwa kitangani na mtu, kwa hiyo halikusemwa.

Bi Nyamizi alilisikia akiwa kazini. Alikuwa mwosha maiti wa nyumba za chini, mwaka wa thelathini na moja sasa, na kila risasi aliyoikuta mwilini aliisuuza akaitia kwenye kikapu cha ukindu, kwa kuwa mikono yake ilikataa kumwaga na maji machafu kitu kilicholala ndani ya mtoto wa mtu. Majirani nao walimletea walizochokonoa milangoni na vitandani. Kati ya watoto wake watano alikwisha kuwaosha wanne. Alibaki Sikudhani, na Sikudhani ndiye aliyechota maji.

"Nitawahi kwenda kabla hawajaanza, mama," alisema Sikudhani.

"Kaka yako Hamadi naye aliwahi."

Mama akakitazama kikapu, akamwambia, "Nitwishe."

Walipofika uwanjani, Gombera aliinua kope moja. "Bibi, hapa hatununui njugu."

"Shikamoo, Mtukufu. Nimekuja kusema."

"Marahaba. Kwa bastola gani?"

"Sheria yenu inasema bastola, au kitu kilichotoka kwenye bastola. Hivi havikutoka kwenye jembe."

Karani alifunua kitabu, akasoma, akakohoa. Ilikuwa kweli. Bi Nyamizi akakimimina kikapu, na risasi zikamwagika kwa kishindo kirefu mpaka kitanga kikagonga mawe.

"Neno langu ni moja. Bonde la Mchirizi lisipigwe risasi, wala Jumatatu wala siku nyingine."

Tepwa akaweka yake huku akicheka. Kitanga hakikutikisika. Gombera akaweka ya babu yake. Wakaweka wote, ishirini kwa hesabu, chuma juu ya plastiki, kwa mara ya kwanza zikilala pamoja. Mkono wa mizani ukalia, ukanyamaza. Zikabaki zinaning'inia hewani.

Risasi moja ilikuwa imebingirika chini. Bi Nyamizi akaiokota.

"Mtukufu, wewe ni mjuzi. Hii ilitoka kwenye chuma au kwenye plastiki? Niliitoa shingoni kwa Hamadi. Mwaka wa sita naitazama, sijajua."

Gombera aliitazama kidogo, kisha akatazama kando.

Ndipo walipotambua walichojifanyia. Baraza lisingefungwa bila idhini yao wote, na kulifunga kulimaanisha bonde limekwenda; nani akubali? Kumnyamazisha bibi kulitaka bastola, na wa kwanza kuichukua yake angekuwa bubu wa Tondoro. Basi wakakaa wakichungana, Gombera akimchunga Tepwa, Tepwa akimchunga Gombera. Wakaletewa chakula palepale. Kesho yake jua likazipiga zile bastola tangu asubuhi, na zile nyeusi hazikuyeyuka. Hilo lilimuuma Gombera kuliko yote.

Alasiri Sikudhani alishuka bondeni, akachota, akapanda amenyooka mgongo na ndoo kichwani. Mama yake alikuwa hajamwona akitembea hivyo tangu utotoni.

Joto likawalemea. Tepwa alilala kwanza, mdomo wazi, kisha mwenye paja, kisha wengine mmoja mmoja, na Gombera akawa wa mwisho wao. Juu ya vichwa vyao kitanga kilijizungusha polepole kwenye minyororo, na midomo ya bastola zote ishirini ikawa imewaelekea wenyewe.

"Mama, tuzichukue," Sikudhani alinong'ona.

"Halafu tuzipeleke wapi, mwanangu, pasipo na watu?"

Sikudhani hakujua. Akajiegemeza kwenye ndoo, naye akapitiwa.

Bi Nyamizi alibaki macho peke yake. Alijua atakayeamka wa kwanza atanyoosha mkono kabla wengine hawajafumbua macho. Hakujua ni nani. Akakichukua kikapu kitupu, akakikung'uta vumbi, akakipakata vizuri, kama mtu anayejua kitatakiwa tena. Minyororo ililia mara moja. Alitaka kuinua kichwa atazame, lakini kope zilikuwa nzito, akalala.