Filimbi Kifuani mwa Chiriku

Fii. Fii. Nilidhani ni cherehani ya dada inalilia mafuta. Lakini cherehani ilikuwa imesimama. Mlio ulitoka nyuma ya pazia, kifuani mwa mpwa wangu aliyelala.

Tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Siku hizi akisema maneno mawili, pumzi inakatika. Zahanati walisema ni pumu, wakampa dawa ya kuvuta. Kikohozi kiliaga, kikarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Hapo nikasema basi, twende hospitali kubwa.

Daktari wa watoto alimsikiliza kifua kushoto, akahamia kulia, akarudi tena kushoto. Akatueleza kwamba pumu kwa kawaida husikika pande zote mbili, ila filimbi hii inapigwa kulia tu. Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu. Akaagiza nyingine, mtoto akiwa ametoa pumzi nje. Pafu la kushoto lilinywea. La kulia likabaki limejaa kama puto. Kuna kitu kimeziba njia, alisema, pengine plastiki, maana plastiki haionekani kwenye picha. Akauliza mtoto huwa anatia nini mdomoni.

Nikapandwa na mori. Nilimwambia mpwa wangu si kuku wa kudonoa ovyo, na dada yangu anajua kulea.

"Mjomba, tulia. Sijamshtaki mtu," alisema, akamgeukia dada. "Mama, wewe unasemaje?"

Tangu tulipoanza kungoja picha, dada alikuwa akishonea sweta ya mtoto vifungo, kutuliza moyo, na kifungo kilichofuata alikuwa amekibana midomoni, kama wafanyavyo mafundi mikono ikishikwa na kazi. Akakitemea kiganjani. Akakitazama.

"Huwa anacheza fundi," alisema polepole. "Ananiiga mimi."

Mimi nikatazama viatu vyangu.

Walimpa Chiriku dawa ya usingizi, wakapitisha kamera nyembamba kooni, wakatoa kifungo cheupe kisichozidi punje ya hindi. Alipozinduka, kifua kilikuwa kimya. Kwa sauti iliyokwaruzika akauliza kifungo chake kiko wapi, maana gauni la mwanasesere halijaisha.

Dada alicheka machozi yakimtoka, akamshika mashavu.

"Vifungo vyangu vyote vitakaa kwenye kikopo chenye kifuniko, mwanangu. Mdomo huu utakuwa wa kukubusu na kukugombeza tu. Nakuahidi."