Oili ya Injini Kwenye Klachi

Usiniambie pole. Pole nimesikia za kutosha, na hakuna hata moja niliyostahili.

Mama alifariki Kangeta alfajiri ya Jumatano. Ndugu yangu Adan alinipigia nikiwa Embu, natundika mbuzi kwenye bucha yangu. "Tunamzika baada ya adhuhuri," akasema. "Wewe ndiye mkubwa, Jamaldin. Utashuka kaburini umpokee kichwani. Tafadhali, usichelewe."

Nikawasha ile vani yangu kuukuu, nikatoka mbio. Kufika Chuka, saa mbili na nusu, nikakanyaga klachi, pedali ikazama mpaka chini na haikurudi. Gia ikakataa kabisa. Watu wakanisukuma hadi gereji ya fundi mmoja anaitwa Gitari.

Gitari akafungua kichupa cha mafuta ya klachi. Kilikuwa karibu kitupu. "Mzee, hapa huwa unaongeza nini?"

"Mafuta ya breki, kama klachi inavyotaka," nikamjibu. "Kwani unaniona mshamba?"

Uongo mtupu! Wiki iliyotangulia pedali ilikuwa imeanza kulegea, na mimi nikamimina oili ya injini iliyobaki kwenye mtungi. Nikajiambia mafuta ni mafuta. Mimi huyu, ambaye nikimkuta mfanyakazi wangu amechanganya nyama ya mbuzi na ya ng'ombe, mtaa mzima unasikia. Basi nikaona haya kumwambia fundi.

Kwa kuniamini, Gitari akatafuta mahali panapovuja, akakaza mipira, kisha akaingia chini ya gari kutoa hewa iliyoingia kwenye mafuta. "Kanyaga! Shikilia! Achilia!" Nikakanyaga mpaka goti likauma. Pedali inapanda kidogo, halafu inakufa tena. Saa tatu na nusu. Saa nne.

"Mzee, waliokusukuma wameniambia una msiba," akasema. "Panda matatu uende. Gari nitakutunzia."

Nikakataa. Vani ile nilikuwa nimemwahidi Mama. Kila Idi nilimwambia nitakuja nimkalishe mbele, nimzungushe Meru mjini majirani wamwone. Idi nne zikapita, nami niko bize na bucha. Nikataka angalau vani ifike. Kiburi hicho, si mapenzi. Leo najua.

Saa nne na nusu Gitari akachovya kidole kwenye yale mafuta yaliyotoka, akakisugua, akanusa. Akaniangalia.

"Hii ni oili ya injini."

Nikainama, nikajifanya naangalia tairi.

"Oili hii hufurisha raba, na zako zote zimefura, za juu na za chini. Ungeniambia ulipofika, ningebadilisha raba moja kwa moja. Saa hii ungekuwa umepita Meru."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Alifungua, akasafisha, akatia raba mpya, akajaza mafuta yanayotakiwa. Saa tano na nusu pedali ilikuwa ngumu na nzuri, kama gari jipya.

Niliendesha nikilia, nalaani kila lori lililonizuia. Adan nilimpigia, hakushika. Nilifika Kangeta saa nane na robo. Watu walikuwa wanatawanyika, wengine wananawa mikono wakale. Kwenye makaburi udongo ulikuwa bado mbichi.

Adan alikuwa amekaa chini, kanzu ina matope hadi magotini. "Tulikungoja mpaka sheikh akasema basi," akaniambia. "Kichwani nikashika mimi. Katikati Hassan, mtoto wa shangazi. Tukapungukiwa mtu wa miguuni. Tukamwita muuza miraa mmoja aliyekuwa ameswali nasi. Jina lake sikumuuliza. Alimpokea vizuri, polepole, kama mama yake."

Nilitaka ardhi inimeze. Adan akainua macho, mekundu.

"Gari lilikuwa na nini, ndugu yangu?"

Hapo ndipo ningesema. Ni sisi wawili tu, na kaburi. Lakini mdomo wangu ukatangulia.

"Ni fundi wa Chuka," nikasema. "Hajui kazi. Amenichelewesha."

Adan akatikisa kichwa, akanishika bega. "Mungu atamlipa," akasema.