Mlango wa Nyuma ya Parokia

Djamila alikuwa ametafuna karafuu tangu asubuhi mpaka ulimi ukafa ganzi. Hata hivyo, alipokata kona ya kuingia mtaa wa Bel-Air, alijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio, akapumua ndani yake, akanusa. Pombe ilikuwa bado inasikika. Au ni yeye tu aliyeisikia. Siku hizi hakujua tena.

Alikuwa fundi wa nguo, mke wa Amadi, wa familia ya Waislamu wa Maniema waliotia mizizi mtaa wa Kamalondo zamani. Katika nyumba yao pombe haikuwahi kuvuka kizingiti. Ndivyo wote walivyoamini. Yeye aliivusha chini ya vitambaa vya wateja, whisky ya vifuko vya plastiki, vile vinavyouzwa pamoja na sigara. Asubuhi, bila kifuko kimoja, hakuweza kutunga uzi kwenye sindano.

Juma lililopita aliweka pasi ya moto mezani bila kutazama, na mkono wa mwanawe Moussa ulikuwa pale. Nyumbani alisema mtoto aliigusa mwenyewe.

Kwenye zahanati, muuguzi Delphine alimfunga mtoto bandeji, akamtuma nje, kisha akamwambia mama yake polepole: "Mama, nasikia pombe. Usiache mara moja weye peke, mwili inaweza kushituka, utaanguka. Siku ya posho, kisha saa sita ya midi, kuko bantu banakutana mu Bel-Air, nyuma ya paroisse. Enda."

Ndiyo maana Jumamosi hii, siku ya posho, alikuwa njiani.

"Mama Moussa!"

Sauti ile aliijua kabla hajageuka. Ilikuwa ya Feza, dada mkubwa wa Amadi, ambaye nyumbani wote walimwita Yaya, aliyeshika familia tangu mama yao alipofariki. Mkononi alikuwa na kikapu cha mboga.

"Uko naenda wapi huku?"

"Kwa kiliya, Yaya. Kumupima robe."

"Bila metre?"

Mkono wa Djamila ulienda wenyewe shingoni, mahali utepe wake wa kupimia ulipozoea kuning'inia. Hapakuwa na kitu.

"Eko nayo kwake," alisema.

Feza hakucheka. "Twende basi. Na miye napita kule."

Walitembea pamoja. Djamila alitafuta uongo mwingine. Aliwaza kubisha kwenye lango lolote, amwite mtu yeyote mteja wake. Aliwaza kupita tu, arudi nyumbani, na kesho je? Aliona tena ngozi ya mtoto ikijikunja. Mbele ya lango la parokia miguu yake ikagoma.

"Mama, unatafuta nani?" mlinzi aliuliza.

"Bantu..." Sauti ilikuwa ndogo. "Bantu banakutana hapa."

Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa akisaga chuma, basi mlinzi akapaza sauti: "Bale ba kuacha pombe? Beko kule nyuma, mulango ya mwisho! Banaisha kuanza!"

Djamila hakuthubutu kugeuza kichwa. Alisikia pumzi ya Feza karibu na bega lake.

"Na mukono ya Moussa?" Feza aliuliza mwishowe.

"Ni miye, Yaya."

Feza alihamisha kikapu mkono wa pili, akarudi alikotoka. Alikuwa anaelekea Kamalondo, kwa Amadi. Djamila alitaka kumkimbilia, amwangukie miguuni, amwambie mlinzi ni mwongo. Badala yake aliingia, kwa sababu mbele kulikuwa na mlango na nyuma alikuwa anakwenda Feza.

Chumbani watu wachache walikaa kwenye viti vya plastiki. Mzee mmoja, Émile, aliyekuwa fundi wa reli, alimpa chai. Nusu ikamwagika. Msichana aliyekaa jirani, Plamedie, akaifuta kwa kitambaa chake akiendelea kusikiliza. Zamu ya Djamila ilipofika, aliweka kikombe sakafuni. Walingoja.

"Naitwa Djamila. Nilichoma mutoto yangu."

Émile alikijaza kikombe tena.

"Hapa hatuulizake muntu anasali wapi," Émile alisema. "Kesho kutwa, Lundi, Plamedie atakupeleka kwa docteur. Hautaacha weye peke."

"Miye naogopa kurudia ku nyumba, Papa."

"Ee. Shiye bote hapa tulirudiaka na ile woga."

Alirudi nyumbani. Jua lilikuwa bado juu. Amadi alikaa uani, Feza pembeni yake, Moussa mapajani mwa shangazi yake. Djamila alisimama langoni.

"Yaya anakatala kunielezea," Amadi alisema. "Anasema utasema weye mwenyewe."

Akasema. Alisema akitazama chini, na kila neno lilipotoka alingoja kofi, au talaka, au kelele za kuita majirani. Alipomaliza, Amadi alikuwa amefunika uso kwa viganja.

"Tangu wakati gani?"

"Tangu tulizika mutoto yetu mwanamuke."

"Na miye nilikuwa nalala pembeni yako," Amadi alisema, kama anayejiambia mwenyewe.

Feza alisimama na mtoto mkononi. "Moussa atalala kwangu mpaka utapata nguvu. Usibishe. Na siku ya posho nitakusindikiza miye."

Djamila hakubisha. Alimvalisha mwanawe viatu, vidole vikikosa kamba mara kwa mara, na mtoto akamngoja mpaka akafunga. Feza na Moussa walipotoka, ua ulibaki na watu wawili. Amadi hakumtazama. Lakini hakuondoka, na Djamila alikaa chini mbali naye kidogo.