Fulana ya Wengi

Shabiki wa mpira ni mtu wa ajabu. Hajui mwanawe anavaa kiatu namba ngapi, lakini anajua kocha alikosea wapi. Ukimpa nafasi atakufundisha kazi yako, kisha atasubiri umshukuru. Mtoto wa shangazi yangu aliwapa nafasi hiyo mashabiki wa mji mzima kwa mpigo, akaiita biashara.

Tunamwita Mkurugenzi, naye anadhani ni heshima. Utaratibu wake ni huu: shabiki yeyote anatuma mchoro kwenye kundi la simu, wenzake wanaupigia kura. Mchoro ulioshinda unafunguliwa marekebisho. Hapo kila mwenye kidole anaweza kudai kitu kiongezwe au kiondolewe, kura inapigwa tena, na kilichopita kimepita. Mwisho wa yote nauchapa mimi kwenye fulana za timu ya mji wetu. Mimi ndiye mchoraji, mchapaji, muosha fremu za kuchapia na mpiga pasi, ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya saruji, chenye dirisha moja na harufu ya wino inayonifuata mpaka kitandani. Mkurugenzi kazi yake ni kushika simu.

"Wengi wape, dada," ndiyo sera yake. Na wengi tumewapa. Tumewachapia tai mwenye miguu ya kuku. Tumewachapia kombe kubwa kuliko mchezaji anayelibeba, na timu yenyewe haijawahi kushika kombe hata la kuazima. Walivaa, wakapiga picha, wakaniandikia kwamba bluu ingekoza kidogo ingependeza zaidi. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kuchora yai.

Sasa, baba yangu aliwahi kuwa kipa wa timu hiyo hiyo, zamani, makipa walipokuwa wanadaka bila glavu. Kidole chake cha pete kilivunjika golini na hakikunyooka tena. Tangu aache mpira hajakanyaga uwanjani. Timu ikicheza anazima redio na kukumbuka kwamba kuna bawaba ya mlango inahitaji mafuta. Kwenye kundi la Mkurugenzi, lenye wajuzi wote wale, hapakuwa na mtu anayemkumbuka. Hilo liliniuma kuliko tai. Nikataka jambo moja tu: timu ilipoingia fainali, nikataka baba aende uwanjani akaone mikono yake kwenye vifua vya watu.

Nikaichora. Mikono miwili imefunguka, vidole vimetanuka, kile cha pete kimepinda kama kilivyo. Rangi moja, basi. Nikautuma mchoro kwa simu ya rafiki yangu ili Mkurugenzi asijue, nikangoja huku nikijiambia kwamba sijali.

Ukashinda. Naona haya kusema nilivyofurahi. Jioni ile niliamini watu wale wana macho, nikawasamehe mpaka miguu ya kuku.

Kisha marekebisho yakafunguliwa. Kipa gani hana glavu? Zikaongezwa. Mwalimu mmoja wa sekondari akaandika kwamba mchoraji amekosea kidole, arudi shule. Wakampigia makofi, kura ikapita, na kidole cha baba nikakinyoosha mwenyewe, kwa mkono wangu. Wakataka mpira katikati ya mikono. Wakataka mpira uwe mkubwa. Wakataka uwake moto, na muuza vifaa vya simu akaomba moto uwe wa kijani, naye akapewa. Kila rangi ina fremu yake, kila fremu inaoshwa, kila rangi inangojwa ikauke ndipo nyingine ipite juu yake. Fulana iliyoanza na fremu moja ikawa imejaza ukuta mzima. Halafu mwenyekiti wa matawi ya mashabiki akaomba sura yake iwekwe begani, kwa unyenyekevu.

Nilimfuata Mkurugenzi. Alikuwa amekalia ndoo ya wino, anahesabu vidole gumba vya kwenye simu.

"Manahodha wengi, chombo huenda mrama," nikamwambia.

"Chombo gani tena, dada? Sisi tuna fulana."

"Ile ni mikono ya mjomba wako."

Alinitazama, akatazama simu, akanitazama tena. "Mjomba hana moto mikononi."

"Ndiyo nakwambia sasa."

"Sikiliza. Matawi yote yanaagiza hii. Yote. Siku zote tunachapia tawi moja moja kama tunagawa pipi, leo ndiyo tunakua. Nikiwaambia dada yangu amegoma kwa ajili ya kidole, wanahamia kwa yule mchapaji mwingine mwenye mashine. Unataka tufunge?"

Sikutaka tufunge. Nikachapa. Nilichapa kwa dharau, kama hilo linawezekana, na kitu cha kuudhi ni kwamba zilitoka safi. Zikaenda matawi yote, watu wakaulizana aliyezitoa ni nani, na Mkurugenzi akanunua kiti. Mimi nikaitafuta fremu yangu ya kwanza, nikachagua kitambaa kizuri kuliko vyote tulivyonavyo, nikachapa fulana moja. Ya baba.

Asubuhi ya fainali nikaenda nyumbani na mfuko. Ndani yake mlikuwa na fulana yangu, na ile ya moto, ambayo Mkurugenzi alisisitiza nimpelekee mjomba. Baba alikuwa mezani, chai imepoa. Nikatandaza yangu mbele yake. Ile nyingine nikaitupa kwenye kiti.

Aliitazama muda mrefu. Akaweka mkono wake juu ya kitambaa, sambamba na mchoro.

"Ni yangu hii."

"Ni yako, baba."

"Umeipatia. Mpaka kidole." Akainamia mchoro. "Mpira uko wapi?"

"Hakuna mpira. Ni mikono tu."

"Mwanangu, kipa akifungua mikono namna hii na mpira haupo, ujue uko wavuni." Alisema taratibu, bila hasira. "Siku kidole kilipovunjika, mpira uliniponyoka. Tukafungwa, tukashuka daraja. Watu walinizomea kutoka kule mpaka kwenye mlango huu. Mama yako hakukwambia?"

Hakuniambia. Nami sikuwahi kuuliza kwa nini mtu hupenda bawaba za milango kiasi kile.

"Nilitaka wakukumbuke," nikasema.

"Walionikumbuka walinitosha." Akaikunja fulana yangu vizuri, akanirudishia. "Mmeuliza mji mzima, wewe na Mkurugenzi wako. Moto uwe rangi gani, mmeuliza. Mimi mwenye mikono hukuniuliza."

Akanyoosha mkono akaichukua ile ya kwenye kiti, akaigeuza mbele na nyuma.

"Na huyu begani ni nani?"

"Mwenyekiti. Walipiga kura."

"Wameichafua," alikubali. Akapitisha kidole chake kibovu juu ya ule mpira mkubwa, katikati ya zile glavu. "Lakini hawa angalau wamedaka."

Akaivaa juu ya shati. Akauliza geti linafunguliwa saa ngapi.

Nje ya uwanja walikuwa wengi, wote moto wa kijani, wote mwenyekiti begani. Hakuna aliyemtambua. Mwanamume mmoja mwenye tumbo lililoutanua mpira ukawa kama tikiti alimshika baba bega, akamwita mzee wetu, akaanza kumweleza makosa ya kocha. Baba alimsikiliza, akacheka, akambishia, wakaingia pamoja.

Nilibaki nyuma na mfuko wangu, fulana ndani imekunjwa, nzuri, rangi moja. Nilitafuta wa kumdharau pale getini. Nilimpata mmoja tu, naye ndiye aliyebeba mfuko.