Utepe Kifuani

Caren alikuwa mlinzi wa lango la kituo cha soka huko Al Barsha, Dubai, na alikuwa mwongo. Uongo wenyewe aliuandika kwa kalamu ya wino mzito, kila Jumamosi asubuhi.

Kocha Marjut, mama wa Kifini wa miaka sitini na minane, alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kwao kulipwa kucheza mpira ng'ambo. Mabao yake mengi aliyafunga kwa kichwa, na sasa kichwa hicho hicho kimemgeuka. Majina ya wasichana aliowafundisha yalikuwa yakimponyoka. Caren akabuni ujanja: kila mtoto abandikwe kifuani utepe wenye jina lake. Madam Raghad, mwenye kituo, alipouliza, Caren alimjibu bila kupepesa macho kwamba ndiyo desturi ya Finland. Desturi ya Finland, jamani! Mtu wa Kakamega, theluji kaiona kwenye simu tu.

Kocha hakuwa na mume wala mtoto. Madam akigundua kwamba anasahau, angemrudisha kwao siku hiyo hiyo, na huko hakuna wa kumpokea.

Tena Caren alimpenda. Miaka minne nyuma mpira ulivuka uzio, naye akaudaka kwa mkono mmoja, buti za ulinzi miguuni. Kocha, aliyejifunza Kiswahili akifundisha Eldoret, alimfuata akamuuliza anacheza namba gani. Dubai nzima hakuna aliyewahi kumuuliza Caren jambo lisilohusu lango. Tangu hapo akawa msaidizi wake kila alipotoka zamu.

Jumamosi iliyopita mambo yalikwenda vizuri. Kocha alisoma vifua, akaita, akagomba, akacheka. Madam Raghad alitazama kivulini, akaridhika, akaondoka. Caren akashusha pumzi na kuanza kukusanya mipira.

Kocha akaja akasimama mbele yake. Alimtazama kifuani, pasipo na utepe wowote, akatabasamu kwa adabu, kama mtu anavyomtabasamia mgeni.

"Unacheza namba gani?"

Caren alitaka kumkumbusha, akaacha. Alikata kipande cha utepe, akaandika jina lake, akakibandika kwenye shati la ulinzi.

"Golikipa, Kocha."

"Caren," Kocha akasoma taratibu. "Jina zuri. Uje Jumamosi, tukujaribu."

Caren akasema atakuja. Kisha akarudi langoni kushika zamu, akawafungulia watu lango magari yao yapite, huku analia.